Kabla hujalinganisha Kidzongkha na Kibhojpuri

Wadogo zangu wa uzamili, muhula huu tena nimeletewa mapendekezo ya utafiti yanayolinganisha Kidzongkha na Kibhojpuri, na tena nimekutana na sentensi ileile: "Lugha hizi ni jirani, zote huweka kitenzi mwishoni, hivyo yawezekana zina asili moja." Nawapenda sana, lakini sentensi hiyo naomba tuizike.

1. Nasaba kwanza, mpangilio wa maneno baadaye. Kidzongkha, lugha ya taifa ya Bhutan, ni cha tawi la Kitibeti katika familia ya Sino-Tibeti. Kibhojpuri ni cha Indo-Ulaya, tawi la Indo-Arya, ndugu wa Kimagahi na Kimaithili. Kitenzi mwishoni? Kisomali nacho hukiweka huko, na Kijapani, na Kituruki, mbona hao hamkuwaalika kwenye ukoo? Hata huo ujirani si wa ukuta kwa ukuta. Wasemaji wa Kibhojpuri wako magharibi mwa Bihar, mashariki mwa Uttar Pradesh na katika Tarai, nyanda za chini za Nepal. Fungueni ramani muone Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, iko wapi. Sisi tunaochoka kila siku kueleza kwamba Kiswahili si Kiarabu, hata kama tuna sita, saba na tisa, tungekuwa wa mwisho kuteleza hapa.

2. Tahajia ya Kidzongkha si matamshi. Nane huandikwa kwa herufi za "brgyad" lakini husomwa karibu na "ge". Tatu ni "gsum" kwenye karatasi na "sum" mdomoni. Tisa ni "dgu", husomwa "gu". Kuna mwenzenu aliniletea jedwali la fonimu (sauti bainifu za lugha) akidai Kidzongkha huanza maneno kwa konsonanti nne mfululizo, "tofauti na Kibhojpuri ambacho ni rahisi". Nikamuuliza amezisikia wapi. Akanijibu kwamba ameziona. Tulicheka wote, kisha akarudi maabara kusikiliza rekodi.

3. Hakikisha data yako ni ya lugha unayoiandikia. Hapa nitakaa, maana kidonda ni changu mwenyewe.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu, mtoataarifa wangu wa Kibhojpuri alikuwa kijana mmoja mhandisi kutoka Bihar, muungwana kupita kiasi. Nilimtumia orodha ya sentensi, naye akanirudishia zote zimejazwa kwa mwandiko safi. Kwenye "Ram alikula mkate" aliandika Ram ne roti khayi. Nilipoiona ile ne baada ya mtenda, moyo ulinidunda, kwa sababu Kidzongkha nacho kina gi kinachokaa palepale, baada ya mtenda. Nikaona nimegundua kitu. Nikaandika sura nzima juu ya jinsi lugha mbili zisizo na nasaba moja zilivyoambukizana alama ya mtenda kuvuka vilima vya Himalaya. Ilikuwa na michoro yenye mishale. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa lugha za Kibantu, akasahihisha koma na kuipitisha.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje alifungua sura hiyo na kuuliza kwa upole, "Hii ne umeitoa wapi?" Nikaeleza kwa kujiamini, tena kwa kirefu. Aliniacha nimalize. Kisha akasimama, akaandika ubaoni: Ram roti khailas. Akanionyesha kwamba khayi imevaa umbo la kike kwa kuwa inafuata roti, na hiyo ni kawaida ya Kihindi. Katika Kibhojpuri kitenzi humfuata Ram: -l- ya wakati uliopita, kisha -as ya nafsi ya tatu. Hakuna ne. Sura yangu ya kurasa nyingi kuhusu Kibhojpuri ilikuwa imeandikwa juu ya Kihindi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dalili zilijaa kila ukurasa. Kila penye "ni" palikuwa na hai ya Kihindi, na sikuwa na ba ya Kibhojpuri hata moja. Ningejiuliza tu mtu yule alisoma shule kwa lugha gani, ningeshtuka. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 50 waliotaja Kibhojpuri kuwa lugha mama, lakini jedwali lenyewe limewaweka chini ya Kihindi. Kimaithili kiliingizwa katika Jedwali la Nane la katiba ya India, orodha ya lugha zinazotambuliwa rasmi, kwa marekebisho ya 2003; Kibhojpuri bado kiko nje. Mtu aliyekulia hapo akiandikiwa na mgeni wa chuo kikuu, huvaa shati la Ijumaa na kujibu kwa Kihindi. Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyebisha hodi mlango wa mbele. Baadaye nilimpigia simu, na katikati ya maongezi mama yake akamwita. Akageuka kumjibu, na katika nusu dakika ile nilisikia ba nyingi kuliko katika daftari langu zima.

Kwa hiyo rekodini mazungumzo, msitume orodha. Na kwa Kidzongkha ulizeni mtu kakulia wapi: wa Paro au Punakha, magharibi mwa Bhutan, huenda alikinyonya kwa mama, lakini raia wengi wa Bhutan wana lugha nyingine nyumbani na hiki walikikuta shuleni. Data ya kisiwa cha Morisi msiichanganye na ya Bihar. Kibhojpuri cha kule kimeishi na Krioli tangu karne ya 19.

4. Linganisheni vitenzi, ndiko kwenye utamu. Kidzongkha kina "ni" mbili. Nikisema fulani ni mwalimu kwa ing, ni jambo nililokwisha kulijua siku nyingi; nikitumia 'immä, nimeligundua sasa hivi. Kibhojpuri hakijali umejua lini, kinajali unamsema nani: mtoto khailas, mzee khailan, na wote wamekula tu. Mmoja wenu alikwisha kuandika kwamba "Kidzongkha hakina heshima". Salamu ya kwanza kabisa anayofundishwa mgeni Bhutan ni kuzuzangpo la, na hiyo la ya mwisho ni ya adabu, mbali na msamiati mzima wa heshima ulio nyuma yake. Futa.

5. Vipasuo (konsonanti kama p, t, k) vina safu nne huku na safu nne kule, na safu ya nne ndiyo mtego: Kibhojpuri kina ghuna (mtetemo wa nyuzi za sauti) yenye mpumuo, gh, dh, bh, wakati Kidzongkha kina sauti zilizopoteza ghuna na kuiachia irabu toni ya chini yenye mvumo wa pumzi. Msizipange kwenye mstari mmoja ili jedwali lipendeze.