Usiache kusoma riwaya ya vampaya kisa maoni ya waliocheza gemu

Assalaam aleikum wapenzi, leo nina jambo limenikaa rohoni na nimeona niliandike, mana najua wengi wenu mnasoma riwaya kwenye simu na kabla hamjafungua ukurasa wa kwanza mnakimbilia kwanza kuangalia watu wamesemaje. Nami nilikuwa hivyohivyo.

Hapa Ngamiani, Tanga, tuna kikundi chetu cha kusoma, tupo saba tu, tunakutana Ijumaa baada ya Alasiri kwenye baraza ya mama mkubwa, kahawa ipo, kashata zipo. Kitabu kinazunguka mkono kwa mkono. Sasa mtoto wa dada yangu, kijana wa gemu huyo, pedi ya kuchezea haimtoki mkononi, akatuletea riwaya ya vampaya, wale wanyonya damu, iliyotungwa kutokana na gemu. Jina lake silitaji kwa makusudi, kuna mambo ya mwisho wa kitabu nitayagusa na sitaki kumharibia mtu utamu.

Kosa langu lilikuwa hili: usiku ule nikaingia mtandaoni nikasoma maoni ya wasomaji, moja baada ya jingine mpaka saa saba. Huyu anasema kitabu kibovu hakina mapigano, yule anasema mhusika sio yule tunayemjua, wengi wanalia na bosi wa mwisho, yaani yule adui mkubwa unayepambana nae mwishoni, eti kwenye gemu anakutoa jasho siku mbili na kwenye kitabu anakufa kama kuku. Wachache wakawa wanakisifia sana, wanasema wamelia. Mie nikaenda na wengi. Ijumaa yake nikamwambia yule kijana mbele ya watu kwamba katuletea takataka, na wakati huo sijasoma hata mstari mmoja. Hakunijibu. Alikichukua kitabu taratibu akakifuta vumbi na kanzu yake akakirudisha kwenye mfuko. Nilikaa wiki mbili ndo nikamwomba radhi, na ile picha ya yeye anakifuta kitabu bado ninayo.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndo mkubwa: ukisoma maoni ya riwaya iliyotoka kwenye gemu, jiulize kwanza huyu anayesema alicheza gemu au hakucheza. Mara nyingi utamjua kwenye sentensi ya pili tu. Aliyecheza haangalii kitabu peke yake, anakilinganisha na masaa yake mwenyewe.

Nilikuwa silielewi hili mpaka yule kijana aliponikalisha nicheze. Akaniwekea Vampyr, gemu ya kampuni ya Wafaransa, Dontnod, ilitoka 2018. Mle ndani wewe ni daktari, unaitwa Jonathan Reid, upo London mwaka 1918, homa ya mafua inaua watu kila nyumba, na wewe mwenyewe umeshageuka vampaya. Watu wa mitaani unaweza kuwanyonya damu ukapata nguvu haraka, na kadiri unavyokaa ukaongea na mtu, ukajua siri zake na shida zake, ndivyo damu yake inavyokufaa zaidi. Lakini ukiwamaliza watu mtaa unaharibika. Na ukitaka unaweza kufika mwisho wa gemu hujamnyonya raia hata mmoja. Jamani nilisimama mbele ya mtu mmoja, nimeshaongea nae, nimeshajua mambo yake, viganja vina jasho, kidole kipo juu ya kitufe na nashindwa kubonyeza. Yaani nilijiona mie ndo nitakayeulizwa.

Sasa tuseme gemu kama hiyo itungiwe riwaya. Mwandishi afanyeje? Hawezi kuandika daktari kanyonya na daktari hakunyonya kwa pamoja, lazima ashike njia moja. Na yule aliyejizuia masaa yote yale asimguse raia, akifungua sura ya tatu akakuta daktari ameshamng'ata mtu shingoni, atahisi kanyang'anywa kitu chake. Kwenye maoni ataandika kwamba kitabu ni kibovu, na hasira yake ni ya kweli kabisa, ila haikuhusu wewe ambae hukucheza.

Alafu kuna hili la ukimya. Kwenye gemu nyingi mhusika haongei sana, wewe mwenye pedi ndo unamjazia mawazo. Kitabu hakiwezi kwenda hivyo kurasa mia tatu, lazima mwandishi ampe moyo na kumbukumbu, na hapo ndo wachezaji wanasema sio yeye. Kwenye riwaya yetu kuna kurasa tisa nzima mhusika kakaa ukingoni mwa kisima usiku, anajaribu kukumbuka sauti ya mamake na haiji. Kijana anasema kwenye gemu pale unapita mbio, unaokota chupa ya dawa unaendelea. Zile kurasa tisa mie nimezisoma mara nne.

Na msiwashangae wanaolalamika kwamba kitabu na gemu havifanani matukio. Ndivyo kazi hizi zilivyo, mwenye hadithi ni kampuni ya gemu na mwandishi wa kitabu kaazimwa tu. S.D. Perry alianza kutoa riwaya za gemu ya Resident Evil mwaka 1998, baadae gemu zilizofuata zikaja na mambo mengine yanayopingana na aliyoyaandika. Kosa lake lipi hapo?

Lakini aliyenifungua macho hasa ni mama mkubwa, ambae gemu haijui kabisa. Yeye alikuwa anasomewa, macho yanamsumbua. Siku ya pili tu akauliza, mbona mumiani wenu huyu hana gari, na nani anamlipa? Tukacheka, alafu tukanyamaza, mana swali lilikuwa na uzito wake. Sisi watu wa pwani tumelelewa na mumiani. Ikifika Magharibi unaambiwa ingia ndani mumiani atakuchukua. Na mumiani ni mtu hai, anatumwa, anakamata watu, damu inatolewa inakwenda kuuzwa, iwe dawa. Enzi za ukoloni kule Nairobi na Kampala waliotuhumiwa ni wazimamoto. Vampaya wa Ulaya ni mwingine, ni maiti anayetoka kaburini na kiu yake, yule aliyepata umaarufu kwa Dracula ya Bram Stoker mwaka 1897, kampuni ya Konami ikaja kumtia kwenye gemu ya Castlevania mwaka 1986, na leo gemu za namna hiyo zinarudi tena kuwa vitabu.

Kwa hiyo mama mkubwa alikuwa anasikiliza kitabu chote akitafuta nani anafaidika. Na akampata. Kuna bwana wa ngome, ndo huyohuyo bosi wa mwisho, na ukifuatilia vizuri huyu bwana hamng'ati mtu hata mara moja, kila usiku analetewa damu kwenye kikombe cha fedha na kijakazi, na kikombe hicho kimetajwa sura ya pili, ya saba na ya kumi na moja. Sisi sote tulipita. Tulipofika anapouawa bila kupigana, kijana akasema ndo hapa watu wote wanapolalamika. Mama mkubwa akamjibu, "Mwanangu, mtu kaletewa kikombe miaka mia, hizo nguvu azitoe wapi?"

Wallahi niliona aibu. Yale maoni yote niliyokesha nayo, hakuna hata mmoja aliyegusa kikombe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kama hukucheza gemu, soma sura tatu za mwanzo kabla hujaangalia maoni ya mtu yeyote, sura tatu zinatosha kujua kama lugha inakubeba au haikubebi. Kama ulicheza, kipe kitabu nafasi, usikishike kama pedi, na pale kinapokwenda tofauti na gemu simama kidogo ujiulize mwandishi anatafuta nini, huenda kakosea kweli na huenda kuna kikombe hujakiona. Na ukiandika maoni yako, sema wazi kama ulicheza au hukucheza, na utaje ni sura gani imekuudhi, mana "kibovu" peke yake haimsaidii mtu, inamfukuza tu. Na zaidi ya yote, mtu akimletea mwenzie kitabu kwa mapenzi, usimvunje mbele za watu kwa maneno uliyoyaokota kwa watu usiowajua. Hilo nawaomba kama dada yenu.

Kitabu hakina ubora wote, sisemi hivyo, sura za katikati zinajirudia na yule kijakazi alistahili kupewa jina.

Ijumaa iliyopita tulimwomba kijana akisome tena kile kipande cha kikombe, kwa sauti. Adhana ya Magharibi ikamkuta katikati ya ukurasa, akaweka kijiti cha kiberiti pale alipofika, wanaume wakatoka kwenda msikitini. Mama mkubwa akakipapasa kitabu pale mkekani, akakitia kwenye kapu lake la ukili na kuingia nacho ndani.