Jeshi la lazima: uliza muda na msimu kwanza

Dada wa Shela, Lamu, unauliza kama uunge mkono vijana wote walazimishwe jeshi, maana mwanao amemaliza kidato cha nne na anashinda barazani. Nidhamu ataipata, na huduma ya kwanza pia. Lakini kwa muda gani? Korea Kusini, askari wa nchi kavu hutumikia miezi 18. Kwa kijana wa Lamu anayevua, hiyo ni kupoteza msimu mzima wa kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na mapato yapo, na msimu wa kusi, bahari ikichafuka, hautamfidia.

Norway, tangu 2015, huwapima wavulana na wasichana, kisha huchukua wanaohitajika tu. Naona hilo ni haki zaidi, kwani kambi iliyojaa kupita kazi iliyopo huishia kuwafagiza vijana uwanja.

Kenya jeshi ni hiari na kuandikishwa ni bure. Anayedai hata shilingi moja ni tapeli, tafadhali msimpe. Mwanao akitaka mwenyewe, aanze kukimbia wiki 8 kabla, akiongeza umbali kidogo kidogo, kama asilimia 10 kwa wiki, na baadhi ya siku kwenye ardhi ngumu. Aliyezoea mchanga laini pekee huumia miundi akianza ghafla kukimbia na buti.