Nimechoka kuomba kwa kengele

*Shangazi, shikamoo. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), nasoma bweni hapa Tabora. Kwetu ni Urambo na baba ni mwinjilisti wa Moraviani. Nyumbani tulikuwa tunaamshwa kwa sala, na usiku hakuna aliyelala bila kuomba. Huku hakuna wa kuniamsha, nikagundua siombi kabisa mpaka nisimamiwe. Mwenzangu anayelala kitanda cha juu ni Mwislamu. Kila alfajiri anaamka mwenyewe, anachukua kopo lake la maji anaenda kutia udhu. Naona aibu. Nikajiunga na kikundi cha maombi cha bwenini. Wanakesha mpaka saa nane usiku mara tatu kwa wiki. Nasinzia darasani, na jaribio la Kemia nimepata 31. Nilipomwambia kiongozi wetu kwamba saa nyingine sina hakika kama Mungu ananisikia, akasema nina roho ya mashaka, nifunge siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Baba akijua ataumia. Je, mimi ni mnafiki?*
*Binti wa Urambo*

Marahaba, mwanangu.

Mnafiki anajua anaigiza na anaomba asijulikane. Wewe umejitaja mwenyewe, kwa hiyo neno hilo liweke pembeni.

Fungua 1 Samweli sura ya 3. Yule mtoto Samweli analelewa nyumbani mwa Bwana, analala humo humo, asubuhi ndiye anayefungua milango. Na bado aya ya 7 inasema alikuwa hajamjua Bwana. Anaitwa na Bwana, na kila akiitwa anakimbilia kwa Eli, kuhani mzee anayemlea, kwa kuwa sauti aliyoizoea ni ya Eli. Mzee hakumwambia ana pepo. Alimwambia arudi akalale, na akiitwa tena ajibu mwenyewe. (Tena angalia, alimrudisha kulala.)

Kinachonitia wasiwasi mimi si kwamba ulikuwa unaomba kwa kuamshwa na baba. Ni kwamba umetoka chini ya sauti ya baba ukaingia moja kwa moja chini ya sauti ya kiongozi wa kikundi. Hapo hujapata imani yako, umebadilisha msimamizi tu.

Tuanze na la hatari. Huko kufunga kavu siku tatu usikufanye. Mwili unapoteza maji kwa jasho, kwa mkojo, hata kwa pumzi ukiwa umelala. Kwa jua la Tabora, huku unadeki bweni na kusimama mstarini, kichwa kitaanza kuuma, mkojo utakuwa wa njano iliyokolea, kisha kizunguzungu, na mwisho utabebwa kupelekwa zahanati. Mwenye selimundu, kisukari, vidonda vya tumbo au anayemeza dawa kila siku asifunge kabla ya kumwona daktari. Kwa mwenye selimundu, kukosa maji peke yake kunaweza kuamsha maumivu makali. Ukitaka kufunga, acha mlo mmoja wa Jumamosi, kunywa maji kama kawaida, na ule muda ambao ungesimama kwenye foleni ya ugali na maharage ndio uombe.

Na hiyo 31 ya Kemia haikuletwa na shetani. Piga hesabu: mkesha unaisha saa nane, kengele inalia saa kumi na moja, umelala kwa muda wa saa tatu tu. Kijana wa umri wako anahitaji kama saa 8, na usingizi ndio unaofanya uliyosoma kwenye prepo yakae kichwani. Ukikesha mara tatu kwa wiki, unapiga msuli bure. Wewe kesha mara moja kwa mwezi, usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa ruhusa ya matroni, na uondoke ukichoka. Wakikuuliza, sema: "Nimeombea niliyokuja nayo, naenda kulala." Usieleze zaidi ya hapo, maana ukianza kueleza mtajadiliana mpaka alfajiri.

Sasa, kuomba bila kusimamiwa. Huyo mwenzako wa kitanda cha juu usimwonee aibu, jifunze kwake. Ana saa maalumu, ana mahali, ana kopo. Hasubiri kwanza ajisikie kuswali. Wewe tafuta dakika 15 tu. Zisiwe alfajiri, muda wa kugombania bomba, wala baada ya prepo, utasinzia juu ya Biblia. Ukitoka darasani jioni, kabla ya usafi, kaa chini ya mwembe. Shule ya Tabora isiyo na mwembe sijui iko wapi. Chukua daftari dogo la kurasa 40 na Injili ya Marko. Usianzie Mwanzo. Wengi huanzia hapo kwa ari, wakifika Walawi wanakwama kwenye sheria za sadaka na ukoma, kisha wanajilaumu kwamba hawana kiu ya Neno.

Marko ina sura 16. Soma nusu sura kwa siku, siku 5 kwa wiki, utamaliza baada ya wiki 6 na siku 2. Kila siku andika mistari mitatu: Yesu amefanya au amesema nini hapa, nini sijaelewa au sikubaliani nacho, nitafanya nini leo kabla taa hazijazimwa. Huo mstari wa pili usiuruke, ndio wenye kazi. Na wa tatu uwe kitu cha kuonekana, kama kurudisha kalamu ya mtu au kumwomba radhi uliyemsema vibaya. "Nitampenda Mungu zaidi" usiiandike, hutajua kama umeifanya. Kisha omba sentensi nne au tano kwa lugha inayokutoka bila kutafuta maneno. Kama ni Kinyamwezi, omba kwa Kinyamwezi.

Utaruka siku, hilo lipo. Kosa ni kufidia. Ukiruka siku tatu halafu ukataka kusoma zote jioni moja, siku ya nne utalikimbia daftari. Endelea ulipoishia. Siku ambayo hata nusu sura ni nzito, tumia kitabu cha neno la siku cha kanisa lenu. Wamoraviani wamekuwa wakichapa neno la kila siku tangu toleo la kwanza la Herrnhut, Ujerumani, la mwaka 1731, kwa hiyo si uvivu, ni mali ya kwenu.

Kuhusu mashaka: ukifika Marko 9:24 utamkuta baba mwenye mtoto mgonjwa akisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumpa siku tatu za kufunga, alimponya mtoto. Maswali unayoyaandika kwenye mstari wa pili yakusanye, chagua mawili, umpelekee mchungaji anayekuja kufundisha kipindi cha dini au mwalimu mlezi wa UKWATA, Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania. Umoja huo unawakutanisha Wamoraviani, Walutheri na Waanglikana, na kwa kawaida una mwalimu anayewajibika. Hicho kikundi chenu cha bwenini, nani anawajibika nacho? Sikwambii uwachukie, wengine humo wanaomba kwa moyo kweli. Ila kiongozi akitaka pesa za chakula kama sadaka, akikuambia maombi fulani ni siri, au mtumishi yeyote akitaka kukuombea peke yenu mlango umefungwa, ondoka ukamwambie matroni siku hiyo hiyo. Ukiona aibu kumwambia, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haina malipo.

Imebaki kwa baba. Usimfiche, na usimwambie kwa simu ya kuazima ya dakika mbili. Mwandikie, au subiri likizo mkiwa wawili. Usianze na mkesha wala Kemia, ataona mtoto anapotea na ataanza kuhubiri. Anza hivi: "Baba, ulitufundisha kuomba. Huku nimejikuta sijui kuomba nikiwa peke yangu, na nimeanza kujifunza. Wewe ulipokuwa na umri wangu uliombaje, na kuna siku ulishuku?" Kisha nyamaza umsikilize. Mwinjilisti huulizwa maswali ya watu wengine kila siku. Hili pengine hajawahi kuulizwa na mtoto wake. Akikujibu kwa mstari wa Biblia tu, mwambie umeuelewa, halafu umuulize tena ilikuwaje kwake. Ya Kemia mwambie baadaye, pamoja na matokeo ya jaribio litakalofuata.