Unachora mikoko ukiwa Mbeya? Anza na mizizi

Msomaji wa Uyole amepewa ukuta wa shule achore pwani, anauliza mikoko inachorwaje. Jawabu: achana na majani kwanza. Mikoko ni miti ya aina kadhaa inayoota kwenye tope la pwani, na kila aina inatambulika kwa mizizi.

Piga mistari miwili ya penseli: wa chini ni tope, wa juu ni maji yakijaa. Anza na aina iitwayo mkoko wenyewe: shina lake huishia juu ya tope. Mizizi hutoka shinani, hujipinda kwenda nje, hugawanyika ikishuka. Mingine huteremka kutoka matawini. Wengi hukosea hapa: huchora shina mpaka chini, kisha wanabandika mizizi pembeni. Mchu, aina ya pili, ni mambo mengine. Mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni wima, myembamba, kimo cha shibiri hivi. Usiitawanye ovyo, ipange kwa mistari inayotoka shinani, maana kila mstari una mzizi mmoja uliolala chini ya tope. Mizizi ya kupumulia ya mlilana, aina ya tatu, ni minene chini na imechongoka juu. Mlilana uweke mbele, upande wa bahari, mkoko nyuma yake, na mkandaa, aina ya nne, nyuma zaidi.

Tope si mchanga wa ufukweni: changanya nyeusi na kahawia, tia bluu kidogo. Jani la mchu ni kijani juu, kijivu chini, na jua likiwaka chembe za chumvi huonekana, kwani mchu huitoa chumvi kwa majani. Mkoko huizuia kwenye mizizi, kwa hiyo usiutie vidoti vyeupe. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini: tunda dogo la kahawia, chini yake kijiti cha kijani kinachoning'inia. Si mashada kama ya mlonge.

Na jamani, minazi isisimame majini! Tumechoka na pwani za kalenda.

Anayesema mikoko haituhusu watu wa nyanda za juu afuate maji. Vijito vya milima ya Poroto na Kipengere huingia mto Ruaha Mkuu kupitia bonde la Usangu, Ruaha huingia mto Rufiji, na delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote nchini. Pembeni ya ukuta pakibaki nafasi, chora mto huo ukianzia mlimani.

Plasta ikiwa mpya, iache ikauke wiki nne, na masika ongeza. Ukiharakisha, rangi hubanduka kuanzia chini, palepale ulipohangaika na mizizi.