Maswali ya maua: kikuba, piko na unga usio na jina

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinauliza neno moja: ua hili linatibu nini? Nimechagua chache.

Mwarobaini unatibu magonjwa arobaini yepi? Naomba orodha. (Morogoro)

Hili nimeulizwa mara nyingi mno, na jibu ni lile lile: arobaini ni sifa ya mti, si hesabu. Orodha hiyo haipo. Kijiti chake ni mswaki mzuri, majani yake yanaogewa mwili ukiwasha, moshi wake unafukuza mbu. Mafuta ya mbegu zake usimnyweshe mtoto mchanga hata tone. Yamewahi kuwaletea watoto degedege na kuharibu maini. Mjamzito naye asiyanywe.

Ni kweli karafuu ni ua? (Kigoma)

Ndiyo, ni tumba lililochumwa kabla ya kuchanua. Likishachanua, thamani yake imekwisha.

Nimenunua kopo la unga wa maua mchanganyiko. Muuzaji alisema unatibu sukari, presha na nguvu za kiume. Kopo halina maandishi. Ninywe vijiko vingapi? (Temeke)

Hata kimoja usinywe. Mganga anayejua kazi yake anakutajia mti, na anakutajia sehemu: jani, gome, mzizi, ua au tunda. Anakwambia pia nani asiitumie. Huyu wako hakukutajia hata mti mmoja, amekutajia magonjwa tu. Unga ukishasagwa huwezi kujua kilichomo, na dawa nyingi za nguvu za kiume zinazouzwa kwa jina la mitishamba zimekutwa, katika nchi mbalimbali, na dawa za viwandani zilizotiwa humo kwa siri. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, mchanganyiko huo unaweza kukuua. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muulize muuzaji namba ya usajili. Akianza kukasirika, ondoka.

Nina kisukari. Jirani amenishauri nichemshe lile ua la bustani lenye petali tano za rangi ya waridi, linaloota hata makaburini. (Mtwara)

Unalosema wauza miche huliita vinka, na wataalamu Catharanthus roseus. Asili yake ni Madagaska. Huko na kwingineko watu wamelichemsha kwa ajili ya sukari tangu zamani, na ni sifa hiyo iliyowafanya watafiti walichunguze katika miaka ya 1950. Walichokuta kikawa dawa za saratani, vinblastini na vinkristini, na hii ya pili hadi leo inatumika kutibu saratani ya damu ya watoto. Sasa fikiri: dawa ya saratani hupimwa kwa miligramu na mgonjwa hupimwa damu kila mara, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe na kuumiza mishipa ya fahamu. Wewe utaipima kwa sufuria? Liache lipambe ua wako, na vidonge vyako umeze kwa saa zake.

Juisi ya choya (rozela) inashusha presha? Niache dawa? (Dodoma)

Inashusha kidogo. Dawa usiache, na mwambie daktari wako kwamba unakunywa choya.

Mtoto ana pumu. Nimeambiwa nimfukize kwa maua ya tarumbeta. (Arusha)

Usithubutu! Ua hilo ni ndugu wa mnanaha. Lina sumu inayokausha mdomo, inayotanua mboni, inayofanya moyo uende mbio na mtu aweweseke. Mpeleke mtoto hospitali leo.

Binti yangu anaolewa mwezi ujao na anataka hina nyeusi, ile inayokolea kwa nusu saa. Ina madhara? (Tanga)

Dada yangu, hina haiwi nyeusi. Jani la mhina linatoa rangi ya chungwa, na kesho yake inaiva ikawa damu ya mzee. Hiyo nyeusi ya nusu saa ni piko, rangi ya nywele yenye kemikali ya parafenilinidiamini, na haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Mpwa wangu alichorwa nayo saluni siku mbili kabla ya harusi yake. Siku ya nikahi mkono ulikuwa umevimba, malengelenge yamefuata mstari wa mchoro, jani kwa jani. Miaka sita imepita na ua lile lingali pale, kovu lililoinuka ambalo unaliona hata kwa kidole. Nywele hatii rangi tena, kwa kuwa mwili umeshaikataa.

Nunua hina ya majani, uichekeche kwa kitambaa chepesi, uikande kwa ndimu na chai ya rangi, uongeze mafuta kidogo ya mkaratusi. Ilale usiku mzima. Anza usiku wa pili kabla ya harusi, ili rangi ipate muda wa kuiva. Na tafadhali, watoto wachanga msiwapake hata hiyo halisi: mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, inaweza kumvunja chembe hizo.

Marehemu bibi yangu wa Pemba alikuwa akifunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Mimi niko Muscat na sikujifunza. Kinafungwaje? (Muscat)

Barua yako nimeisoma mara tatu. Katika rundo zima ni wewe peke yako uliyeuliza ua linavaliwaje.

Asmini ichumwe alasiri, ikiwa tumba bado, maana inafunguka usiku na harufu itafungukia kichwani mwako. Bibi yangu alizitandaza juu ya sinia na kuzifunika kwa kitambaa kibichi mpaka magharibi. Chukua kijiti cha rehani chenye maua yake, kiwe ndio mgongo. Zungushia asmini, tia petali za waridi, kisha vipande vyembamba vya mkadi, ufunge kwa uzi wa pamba. Nyunyizia marashi kidogo tu. Kinachomekwa nyweleni, au kinawekwa chini ya mto wa maharusi.

Ulipo hukosi kitu: rehani na asmini utazipata, na waridi la Jabal al Akhdar, milima ya huko Oman, linalovunwa mwezi wa Aprili, lina harufu kali kuliko mengi ya kwetu. Mkadi ukiukosa, kikuba hakiharibiki. Mlangilangi, ukipenda kuutia, usizidishe ua moja, unaumiza kichwa.