CV ya kazi Tanzania: vyeti vyako viseme kile CV inachosema

Nimeshiriki kuchambua maombi ya kazi, na wahitimu wengi wazuri huwaona wakiachwa kabla mtu hajafikiria uwezo wao. Wanahangaika na rangi na mapambo, kumbe mchambuzi ana tangazo mkononi na anatafuta jambo moja: sifa iliyotajwa hapa iko wapi kwenye CV, na cheti kinachoithibitisha kiko wapi?

Anza na majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo matatu, kitambulisho cha taifa (NIDA) kimeandikwa kwa tahajia nyingine. Kwako ni wewe yuleyule. Kwa mchambuzi ni watu watatu. Lishughulikie kisheria mapema, kwa hati ya kiapo au utaratibu mwingine utakaoelekezwa na wakili, usisubiri tangazo litoke.

Kwa kazi za serikali, maombi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupitia Ajira Portal, tovuti yake ya maombi. Soma masharti ya jumla mpaka mwisho. Kwa kawaida hutaka wadhamini watatu wa kuaminika, yaani watu wanaokufahamu na mwajiri anaweza kuwauliza juu yako, na barua ya maombi iliyosainiwa, na hukataa hati za matokeo za kidato cha nne na sita badala ya vyeti vyenyewe. Uliyesoma nje ya nchi, vyeti vyako vithibitishwe kwanza: vya sekondari NECTA (Baraza la Mitihani), vya shahada TCU (Tume ya Vyuo Vikuu).

Sasa uzoefu, maana hapa ndipo mhitimu hujidharau. Anaandika "mafunzo kwa vitendo, idara ya fedha" halafu basi. Ulifanya nini pale? Andika: "Nilikagua viambatisho vya hati za malipo, nikasaidia usuluhishi wa hesabu za benki kila mwezi." Kama tangazo linataka mtu wa kuandaa taarifa za fedha, mstari huo unakusemea. Kujitolea nako ni kazi. Taja mwezi ulioanza na uliomaliza. Lakini usiongeze hata wiki moja ambayo hukuifanya. Mwajiri akipiga simu ulikokuwa, huna pa kujificha, na taarifa za kughushi zinaweza kukufikisha mahakamani.

Kwenye kampuni binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali, kurasa mbili zinatosha kwa anayeanza. Tangazo likiwa la Kiingereza, andika kwa Kiingereza. Dini, kabila na hali ya ndoa viache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata mwombaji, kwa hiyo usione kama umeficha kitu.

Wadhamini waombe ruhusa kabla ya kuwataja. Mchague mhadhiri aliyekusimamia au msimamizi wa mafunzo, siyo mjomba mwenye cheo, kisha mtumie tangazo pamoja na CV yako ili akipigiwa simu ajue unaomba nafasi gani.