Kuvua Stonehaven, Scotland: anza na ukuta wa bandari

Mkuu, umesema unahamia Aberdeen mwezi wa tisa, mshipi wako wa Tanga umo begini, na unauliza kama kibali kinahitajika na uanzie wapi. Mimi huvua Stonehaven, mji mdogo kusini mwa Aberdeen, mwaka wa sita sasa.

Kibali hakuna, ukivua samaki wa bahari kwa ndoana kwa kitoweo chako. Samoni na trauti wa baharini waache, hao wana wenyewe. Beba rula: kodi (si ile ya TRA, huyu ni samaki) chini ya sentimita 35 anarudi majini, makereli chini ya 30 vilevile.

Ukifika mapema utawakuta makereli bado wapo. Ni jamaa wa vibua wetu. Simama ukuta wa nje wa bandari, tupa mshipi wenye ndoana za manyoya. Madukani wanauza za ndoana sita; kata, baki na tatu, maana sita wakishika pamoja utatumia jioni nzima kufumua mafundo.

Kodi ni habari nyingine. Huyo ni wa majira ya baridi, kwenye miamba, ndani ya msitu wa mwani unaomeza kila chubwi. Majira ya kwanza nilipoteza chubwi za risasi hadi nikaona ni afadhali ninunue samaki dukani. Mzee mmoja akanionyesha: chubwi ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ikinasa inakatika yenyewe, samaki anapanda. Na wala usinunue chubwi, omba plagi kuukuu kwa fundi gari. Chambo bora ni kaa anayejivua gamba. Kusi na kaskazi zisahau. Hapa subiri dhoruba ya mashariki ipige, halafu bahari ikianza kutulia, nenda. Kodi husogea karibu kula vilivyong'olewa.

Ila miamba hiyo ina utelezi. Mwaka wa pili niliteleza, maji yakanifika kifuani, na pumzi ikakatika kabla sijajua nimeanguka. Si baridi ya kuzoea, mkuu. Pesa ya fimbo ya bei iweke kwenye jaketi la kujiokolea na viatu vya meno, usiende peke yako, na ukiona hatari piga 999 uombe walinzi wa pwani.

Mashua? Zipo, nahodha anakodisha nafasi. Bandari ya ndani hukauka maji yakitoka, kwa hiyo safari inafuata maji kujaa na kupwa kama kwetu. Kaeni mbali na maboya ya dema za kaa na kambakoche, kamba zake za kufungia hunasa kila kitu. Ukungu nao huingia ghafla hata siku ya jua.

Desemba kiza kinaingia saa tisa na nusu alasiri, nunua taa ya kichwani. Plagi usihangaike, ninazo nusu debe.